Mchagua Mbegu

Mjini Goma, maharagwe ya kula na maharagwe ya kupanda hayauzwi kwa namna moja, hata yakiwa yametoka shamba moja. Ya kula hukaa mbele, kwenye magunia yaliyokunjuliwa midomo, hupimwa kwa kopo la Guigoz, na muuzaji hana haja ya kukueleza zaidi ya bei. Ya kupanda hukaa nyuma yake, katika kifuko kilichofungwa, na hayatolewi mpaka mnunuzi awe amehojiwa. Shamba lako liko wapi, Kibumba au Sake au huko juu Masisi? Miti ya kuyasimamishia unayo? Msimu uliopita ulipanda nini hapo? Anayekuja na papara hujibiwa kwa upole: "Iyi iko ya kula, papa." Kifuko hubaki kilipo.

Wengi wa wenye vifuko hivyo ni akina mama, na makala haya ni ya kuwasifu. Kwa kuwa sifa tupu haimpi mtu haki yake, nitawasifu kwa kumweka pembeni yao mtu mwingine aliyefanya kazi hiyo hiyo mbali sana na hapa, akiwa na mizani na daftari, akaishia kuachia ulimwengu neno ambalo kila mwanafunzi wa biolojia wa Goma hulikariri: gène kwa Kifaransa cha darasani, gene kwa Kiingereza, jeni katika vitabu vya Kiswahili. Neno hilo lilitoka kwenye maharagwe. Waliosomea jambo hilo wenyewe mara nyingi hawalijui.

Kazi ya mchagua mbegu huanza shambani, wiki kadhaa kabla ya mavuno. Mgeni hudhani mbegu huchaguliwa kwenye ungo. Kumbe ungo huja mwishoni, na mama aliyebobea huufikia akiwa ameshaamua karibu kila kitu. Hupita kati ya mistari wakati maganda yanaanza kupauka, nyuzi za mgomba mkononi. Hatazami punje, maana punje bado zimefichwa. Anatazama mmea mzima. Maganda ni mangapi, na yameanzia wapi? Yale yanayoning'inia hadi kugusa udongo yataoza mvua ikizidi. Majani yana kutu, au yana chule? Halafu hufanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha ufundi wote: hutazama mmea umesimama wapi. Ule ulionawiri kando ya lundo la samadi haumshangazi, maana umelishwa. Ule uliozaa vizuri kwenye udongo wa kina cha kiganja, mawe ya volkano yakiwa yameuzunguka, ndio unaofungwa uzi.

Ardhi ya pembezoni mwa Goma humlazimisha kuwa mkali hivyo. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977; Januari 2002 ikaimwaga tena, ikapita katikati ya mji hadi ziwani; Mei 2021 ikashuka hadi vitongoji vya kaskazini. Lava mpya haioteshi kitu cha maana kwa miaka mingi. Majivu ya kale, nayo, ni miongoni mwa udongo wenye rutuba kubwa barani. Katika shamba moja dogo vyote viwili hukutana: hapa jembe linazama, hatua mbili pembeni linatoa cheche. Penye udongo wa namna moja mtu anaweza kuishi maisha yake yote akiamini kwamba mmea mkubwa ndio wenye mbegu bora, na asiumbuke. Huku shamba linadanganya waziwazi, na asiyejifunza kutenganisha kilichotoka kwa udongo na kilichotoka kwa mzazi huumbuka msimu huo huo.

Baada ya kuvuna, mimea iliyofungwa uzi hukaushwa peke yake na kupukuchuliwa kwa mikono. Maharagwe ya chakula hupigwa fimbo juu ya turubai, kelele tele, lakini fimbo hutia nyufa kwenye ngozi ya punje, na punje yenye ufa, hata ule usioonekana, huoza ikishafukiwa. Ndipo ungo unapoingia. Ukimtazama mjuzi akichagua utaona kiganja kikisukuma punje kutoka upande huu kwenda ule, kidole gumba kikirusha nje zisizotakiwa bila kusita, huku mwenyewe anazungumza na jirani habari za bei ya makaa. Nje huenda iliyotobolewa na fukusi, iliyonywea, iliyopauka, na yenye doa la kahawia lililobonyea ambalo ni alama ya chule. Doa hilo hawalionei huruma hata likiwa dogo kama tundu la sindano. Chule husafiri ndani ya mbegu. Ukipanda punje moja yenye doa umepanda na kuvu wake, na matone ya mvua yatamrusha hadi kwa majirani.

Kisha huja mzunguko wa pili, wa polepole. Kwa desturi ya Kivu maharagwe hupandwa mchanganyiko: mekundu, ya njano, meusi, meupe, ya madoadoa, manene na membamba, yote bega kwa bega. Mtu aliyefundishwa kulima zao la aina moja huuona uvivu mtupu. Lakini hii huvumilia mvua nyingi, ile hukomaa mapema na kuikuta familia kabla ya njaa, nyingine huiva upesi jikoni. Jambo la jikoni si dogo mjini Goma. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemkia kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, maharagwe huchelewa kulainika, na muda wote huo makaa yanateketea. Kwa hiyo katika mzunguko huu wa pili mama anapanga viwango. Ya njano yaongezwe kidogo, meusi yapungue kwa sababu mvua iliyopita iliwahi kukatika. Kifuko cha shamba la migombani, penye kivuli, hakitalingana na kifuko cha shamba la mlimani. Ukimuuliza anapimaje atakuonyesha mkono wake.

Upo mtego mwingine uliofichika zaidi. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla hata halijafunguka vizuri, na ndiyo maana aina hubaki zilivyo hata zikipandwa pamoja miaka na miaka. Mara chache nyuki hupenyeza chavua ya jirani. Punje itakayopatikana hapo haitaonyesha chochote, kwa sababu ngozi yake, ile yenye rangi na madoa, ni sehemu ya mwili wa mama. Baba anaweza kuwa mweusi tititi, na punje ikatoka katika koti jekundu la mama yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mambo hufichuka msimu unaofuata, punje ile ikishaota na kuzaa: mmea mzima unatoa maharagwe ya rangi ambayo hakuna aliyeipanda. Yapande hayo, na msimu wa tatu yanatawanyika rangi rangi, mengine yakirudia sura ya bibi, mengine ya babu, mengine hayafanani na yeyote. Asiyejua humgombeza aliyemuuzia mbegu. Mjuzi hukusanya punje ngeni hizo kwenye kikopo.

Hata mtawa Gregor Mendel, ambaye mwaka 1865 alieleza majaribio yake ya njegere mbele ya chama cha wanasayansi mjini Brünn, alisumbuliwa na maharagwe. Njegere zilimpa hesabu safi. Maharagwe yalimpa maua ya rangi za ngazi nyingi, kutoka zambarau iliyokolea hadi nyeupe, na ikambidi akisie kwamba huenda rangi moja ina visababishi zaidi ya kimoja. Alikisia sawasawa, lakini hakuna aliyemsikiliza mpaka mwaka 1900.

Mtu wangu wa mizani ni Wilhelm Johannsen, Mdenmark aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1857. Familia yake haikuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu, kwa hiyo akawekwa kwa mfamasia ajifunze kazi. Baadaye alipata nafasi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, akiwa msaidizi wa mkemia Johan Kjeldahl. Wapenzi wa Primus wa Goma wanaweza kujivunia kwamba sayansi ya urithi ina deni kwa bia. Aliinuka hadi kuwa profesa, na hatimaye mkuu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, bila kupitia masomo ya kawaida ya chuo, na namwona katika kazi yake mtu wa duka la dawa aliyezoea kupima vitu vidogo, kimoja kimoja.

Karibu na mwaka 1900 alichukua maharagwe ya kahawia ya aina iitwayo Princess, na akafanya kile kile ambacho mama wa Kibumba hukifanya kwa uzi wa mgomba: akafuata mmea, si lundo. Kila mmea ulipewa ukoo wake. Kwa kuwa haragwe hujichavusha, uzao wote wa mmea mmoja ulibaki ndani ya nyumba ile ile, bila damu ya nje, kizazi baada ya kizazi. Alikuwa na koo 19. Akapima punje moja moja. Koo zilitofautiana kweli: ukoo wa kwanza ulikuwa na wastani wa kama miligramu 640 kwa punje, wa kumi na tisa kama miligramu 350. Tofauti hizo zilirudi kila mwaka. Lakini ndani ya ukoo mmoja nako kulikuwa na punje kubwa na ndogo, na hapo ndipo alipoweka subira yake yote. Akapanda kubwa peke yake, na ndogo peke yake, za ukoo ule ule. Watoto wa kubwa na watoto wa ndogo wakatoka na wastani uleule, au karibu sana. Akarudia, mwaka baada ya mwaka. Kuchagua kubwa ndani ya ukoo safi hakukumpa kitu. Punje kubwa ilikuwa imekaa mahali pazuri ndani ya ganda, au ganda lenyewe lilikuwa limepata jua. Ukubwa huo uliishia hapo hapo.

Aliyachapisha hayo mwaka 1903, na kitabu akamtunukia Francis Galton, Mwingereza mkubwa wa hesabu za urithi, ingawa matokeo yalikuwa yanavunja sehemu ya mafundisho ya Galton mwenyewe. Adabu ya namna hiyo ni nadra. Kwa mchagua mbegu wa Kivu habari hii ina pande mbili. Katika mchanganyiko wake kuchagua kunafaa sana, kwa sababu koo ni nyingi na kila chaguo linapendelea ukoo fulani. Ndani ya aina moja iliyokwisha kusafishwa, kuchagua punje nene ni kupoteza mchana, na kinachobaki ni kutupa zenye ugonjwa. Nimewasikia akina mama wakilisema jambo hili kwa njia yao, kwamba aina fulani "haiongezeki tena, inabakia vile vile," na wanaacha kuisumbua.

Sasa neno lenyewe. Charles Darwin, mwaka 1868, alikuwa amependekeza kwamba kila kiungo cha mwili hutoa chembechembe ndogo zinazokusanyika katika viungo vya uzazi na hivyo kupita kwa mtoto. Dhana hiyo akaiita pangenesis, kwa Kigiriki cha kuunga: pan, yaani yote, na genesis, yaani kuzaliwa au chanzo. Galton, aliyekuwa binamu yake, akaamua kuijaribu. Aliwatia sungura wa kijivu damu ya sungura wa rangi nyingine, akangoja watoto. Watoto wakatoka kijivu, na mwaka 1871 akatangaza kwamba damu haibebi kitu hicho. Darwin alijibu kwamba yeye hakuwahi kusema ni damu. Sisi tunaosema kila siku kwamba tabia ya mtu "iko ndani ya damu" tuna sababu ya kuwakumbuka sungura wale.

Mwaka 1889 Hugo de Vries wa Uholanzi aliichukua nusu ya dhana ya Darwin, akazifungia chembe ndani ya seli na kuziita pangen. Miaka ishirini baadaye, katika kitabu chake kikubwa cha Kijerumani cha mwaka 1909, Johannsen akalishika neno hilo kama mama anavyoshika punje yenye doa, akalikata. Pan akaitupa. Ilikuwa imebeba nadharia nzima ya chembe kutoka kila kiungo, nadharia ambayo ushahidi ulikuwa umeikataa. Ikabaki silabi moja: Gen. Akaeleza kwamba anaitaka fupi hivyo kwa sababu haisemi kitu zaidi ya kile kinachoonekana wazi, yaani kwamba ndani ya mbegu mna kitu kinachochangia sifa za kiumbe. Kama ni chembe, kama ni kemikali, kama kina umbo, hakusema, kwa kuwa hakujua. Sina mfano mwingine wa mtaalamu aliyeunda neno kwa kupunguza madai. Wengi huunda maneno ili waonekane wanajua zaidi. Huyu alichonga mpaka pakabaki kile tu alichoweza kukisimamia, na kwa sababu hiyo neno limeweza kupita salama katika ugunduzi kwamba jeni zimo kwenye kromosomu na kwamba zimeundwa kwa DNA, bila kulazimika kubadilishwa.

Kwa Kiingereza liliingia likiwa gene, na makala yake ya mwaka 1911 katika jarida moja la Marekani ndiyo iliyolitangaza. Kuna jambo la kuchekesha hapa: jina la somo limetangulia jina la kitu kinachosomwa. William Bateson wa Uingereza alikuwa ameshaliita somo hilo genetics katika barua ya mwaka 1905, miaka minne kabla jeni haijapata jina.

Mzizi wa Kigiriki, genos, maana yake ni uzao au jamaa, na watu wa Goma wanaishi nao bila kuuona. Umeme ukikatika jirani huwasha "groupe". Jina lake kamili la Kifaransa, groupe électrogène, linaishia na mzizi huo huo: kinachozaa umeme. Eugène, jina ambalo kila parokia ya Kivu ina wenye nalo, ni "aliyezaliwa vyema". Biblia ya Kifaransa inaanza na Genèse pale ya Kiswahili inapoanza na Mwanzo. (Jini, yule wa pwani, hahusiki, katokea Uarabuni, ingawa nimewahi kuona jeni imechapishwa kuwa jini katika mtihani wa shule.)

Hoja nzito zaidi ya makala ya 1911 ilihusu neno jingine. Kiingereza na Kifaransa vilikuwa vimeazima heredity na hérédité kutoka kwa wanasheria: kwa Kilatini heres ni mrithi, na hereditas ni mali aliyoachiwa. Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo na urithi wake wa Kiarabu, kutoka shamba na nyumba ya marehemu hadi pua na sauti ya mtoto. Johannsen aliona kwamba picha ya mali inapotosha. Mali hutoka mkono huu ikaingia mkono ule ikiwa ile ile. Haragwe kubwa halimkabidhi mtoto ukubwa. Linampa kitu kisichoonekana ambacho, kikikutana na udongo, mvua na jua, kitakuwa ukubwa fulani. Na udongo ukibadilika, ukubwa nao utabadilika. Kile kinachoonekana alikuwa ameshakiita fenotaipu, kutokana na kitenzi cha Kigiriki cha kuonyesha. Kilichofichika alikuwa amekiita jenotaipu. Tangu hapo sayansi nzima ya kuboresha mazao inajengwa juu ya mpaka huo, ambao mama wa Kibumba anauvuka kila anapouacha mmea wa kando ya samadi na kuufunga uzi ule wa kwenye mawe.

Sitaweza kuandika haya Goma bila kugusa upande mbaya. Mwaka 1883 Galton alitengeneza neno eugenics kwa kuanzia na lile lile la Eugène, akitaka wanadamu wachaguliwe kama mbegu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi, ng'ambo tu ya mpaka, uliandika kabila kwenye vitambulisho, baada ya wataalamu wake kupima pua na vimo wakiamini kwamba sura inaonyesha asili. Ilipofika Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, karibu watu milioni moja walivuka kuingia Goma na viunga vyake kwa siku chache tu. Wapima pua walikuwa wanafanya kosa lile ambalo maharagwe ya Copenhagen yalikuwa yameshalikanusha tangu 1903, na lile ambalo mchagua mbegu wa kijijini angeliona mara moja: walisoma koti wakadhani wamesoma mbegu.

Mwaka huo huo, mashirika ya utafiti yaliunda mpango ulioitwa Seeds of Hope wa kuzalisha upya mbegu za Rwanda, yakihofia kwamba maelfu ya mchanganyiko wa maharagwe yamepotea. Walipochunguza walikuta mengi yalikuwa yamesalimika. Yalikuwa yamefichwa, yamebebwa kwenye vitambaa, yamerudi kupitia masoko. Vita huiumiza mbegu kuliko fukusi, kwani familia ikikimbia huila njiani; hapa Kivu ya Kaskazini wamekimbia mara nyingi kiasi kwamba kuwa na kifuko cha mbegu cha zaidi ya miaka michache ni jambo la kujivunia. Ndiyo maana wenye nacho huhoji wanunuzi.

Watafiti nao wamejifunza kuwaheshimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Louise Sperling na wenzake nchini Rwanda waliwaalika wakulima mahiri, wengi wao wanawake, waingie katika mashamba ya kituo cha utafiti wachague wenyewe miongoni mwa aina zilizokuwa bado kwenye majaribio. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wanachuja aina hadi zibaki chache, ndipo wanampelekea mkulima. Akina mama walitazama mambo ambayo daftari la mtaalamu halikuwa na safu yake: kama majani yanalika, kama mmea utavumilia kivuli cha mgomba, kama punje itapendwa sokoni. Walichochagua kilipofika kwao kilifanya vizuri kuliko mchanganyiko wao wa zamani, kwa namna iliyowapa watafiti aibu kidogo. Ripoti ilichapishwa mwaka 1993, na ni miongoni mwa makala chache za kisayansi ambazo mkulima akisomewa atajitambua ndani yake.

Aina moja iliyowafikia wakulima wa eneo hili inastahili kutajwa kwa jina. Katika hazina ya mbegu ya kituo cha utafiti cha CIAT, kule Palmira, Kolombia, ina namba G2333. Ilitoka Teopisca, kusini mwa Meksiko, ni nyekundu, ndogo, inang'aa, na hutambaa juu ya mti hadi kumpita mtu mrefu. Rwanda iliitoa kwa wakulima kwa jina la Umubano. Wanasayansi walipoichunguza walikuta imebeba jeni tatu tofauti za kuzuia chule, kila moja ikifunga mlango wake, ndiyo maana kuvu ambao huangusha aina nyingine huuacha mmea huu. Waboreshaji wa mbegu wa nchi nyingi sasa huitumia kama mzazi. Silabi iliyokatwa kwenye daftari la Copenhagen mwaka 1909 imepata umbo na anwani, ndani ya punje nyekundu ambayo wakulima wa Teopisca waliichagua kwa macho, vizazi vingi, bila neno hilo.

Johannsen mwenyewe hakulitukuza neno lake. Mwaka 1923, akiwa mzee, wenzake wakizichora jeni kwenye kromosomu mithili ya vituo vya basi, aliandika kwamba ana wasiwasi kama vipande hivyo vinaeleza kiumbe kizima. Alidhani labda vinaeleza tofauti za juu juu, na kwamba kilichofanya haragwe liwe haragwe kilikuwa bado hakijaguswa. Katika mengi ya hayo historia haikumpa haki. Lakini tahadhari yake ni ile ile ya akina mama wa mbegu, ambao ukiwauliza kwa nini aina fulani hustawi Rugari na kufa Minova, hawakutungii sababu. Hukuambia: iko na tabia yake.

Na zile punje ngeni za kwenye kikopo, zilizozaliwa na nyuki, hazichanganywi na mbegu nyingine mara moja. Mwezi wa tisa mvua zikianza hupandwa kwenye kona yake, karibu na jiko, mahali pa kuonekana kila siku, na kila mmea huvunwa peke yake. Mwezi wa kwanza hupimwa kwa macho na kuonjwa kwenye sufuria. Mwezi wa tatu hupandwa tena. Mama akiulizwa na majirani zinafaa au hazifai, hujibu kwamba bado hajazijua, wangoje mavuno ya mwezi wa saba.